Mti wa fraktali: nyuzi 30, 60 au 90?

mkomani: Wakuu, habari za jioni. Nachora mti wa fraktali, yaani mchoro ambao kila tawi ni nakala ndogo ya mti mzima, kwa Python (lugha ya programu), uende kwenye bango la klabu ya hesabu. Shina ni pikseli 100, kila tawi linazaa mawili, na uwiano wa tawi jipya kwa lililotangulia ni 0.6. Pembe naihesabu kutoka uelekeo wa tawi lililotangulia. Ya 30 inapendeza kwa mbali, ukisogea unaona matawi yanapishana katikati. Nichukue ipi?

hesabu_tamu: Mkuu, kwa 0.6 achana na 30. Pembe hiyo matawi yanaanza kugusana uwiano ukifika 0.55 hivi, wewe umeshapita. Chukua 60. Fuata tawi la kulia halafu geuka kushoto: hatua ya pili inasimama wima, haisogei pembeni. Geuka kushoto mara mbili tena, kisha kulia na kushoto kwa zamu: ya tatu, ya nne na zinazofuata zote zinarudi kuelekea katikati. Marejeo hayo yakijumlishwa yanalingana na hatua ya kwanza pale uwiano, tuuite r, unapotimiza r² + r = 1, yaani r ikiwa 0.618. Ndiyo 1 gawanya kwa uwiano wa dhahabu (1.618)! Kwa 0.6 yako limebaki pengo la pikseli kama 10 kati ya nusu mbili.

dada_grafu: Mimi nasema 90, kwa sababu wanafunzi wataikokotoa wenyewe kwa kalamu. Kimo ni 100 + 36 + 12.96 na kuendelea, jumla 156.25. Upana 187.5. Ukipandisha uwiano hadi 0.707, ncha zinajaza mstatili mzima, hakibaki kitupu.

pwani_kijani: Dada, hesabu nzuri, ila hiyo ya 90 si mti, ni dirisha la nondo. Mkoma wetu wa pwani (jamii ya mnazi) unagawika viwili kwelikweli, shina linakuwa mawili, kila moja mawili tena, na unapanda juu. Baki na 30, shusha uwiano hadi 0.5, hayatapishana.

mkomani: Na dimensheni ya fraktali, ile namba inayopima jinsi mchoro unavyojaza nafasi, pembe inaibadilisha?

hesabu_tamu: Hapana, maadamu matawi hayapishani. Kwa ncha ni log 2 gawanya kwa log (1/r), pembe haimo. Kwa 0.6 unapata 1.36, iwe nyuzi 60 au 90. Kazi ya pembe ni kukuwekea mpaka wa uwiano: 0.593 kwa nyuzi 45, 0.618 kwa 60, 0.707 kwa 90. Miti hii inayojigusa, wanahisabati Mandelbrot na Michael Frame waliiandikia mwaka 1999.

mkomani: Asanteni sana. Nimeweka 60 na 0.618, migawanyiko 12, ncha 4,096. Nimekuza picha pale katikati: pengo halifiki pikseli moja. Ya pwani_kijani nayo nimeichora, 30 kwa 0.5, naiweka pembeni yake kwenye bango hilohilo.