Wauza mashine za kutotolesha mayai, acheni kuwasingizia majogoo wetu. Mashine yenu ndiyo iliyoua vifaranga wangu

Wadau, nimejizuia siku nne nisiandike hili nikiwa na hasira. Siku zimepita na hasira iko palepale, basi acha niandike.

Juzijuzi nimefukia mayai 23 nyuma ya banda. Yangekuwa mayai viza nisingefungua mjadala huu, yai viza kila mfugaji analijua. Haya yalikuwa na vifaranga kamili ndani, wenye manyoya, kucha na midomo, waliofia kwenye ganda wakiwa wamebakiza siku moja au mbili watoke. Na muuzaji wa mashine, bila kuliona hata yai moja, ananiambia kwenye simu: "Mayai yako hayakuwa na mbegu," yaani jogoo wangu hafanyi kazi. Nikamwambia nimeyavunja na nimewaona vifaranga kwa macho yangu. Akageuza: "Basi ulikuwa unafungua fungua mashine." Nikamwambia sikufungua ovyo. "Basi umeme ulikatika." Haukukatika. Akakata simu, na tangu hapo hapokei.

Ngoja nieleze tangu mwanzo ili asije mtu akaniambia sijui kufuga.

Nina kundi dogo nyuma ya nyumba, mitetea 14 na majogoo wawili. Miaka yote nimetotolesha kwa kuku wenyewe. Koo akianza kuatamia namwekea mayai 10 au 11, anakaa siku zake 21, anatoka na watoto. Ubaya wake ni kwamba anaatamia anapotaka yeye, siyo unapotaka wewe. Nilitaka kundi likue haraka, nikanunua mashine ya mayai 48. Walisema inafanya kila kitu yenyewe: joto, unyevu, kugeuza mayai. Na kwenye tangazo waliandika asilimia 98 ya mayai huanguliwa. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Watotoleshaji wakubwa, wenye mafundi na mashine zinazojaza chumba kizima, wakipata vifaranga 80 na kitu kwa kila mayai 100 waliyoingiza wanaona kazi imekwenda vizuri. Mtu anayekuahidi 98 hajui hata mayai yako yatatoka kwa kuku gani, yamekaa siku ngapi, wala jogoo wako yukoje. Anataka hela tu.

Mayai niliyachagua kwa mkono wangu. Hakuna lililozidi siku sita. Niliyahifadhi mahali penye ubaridi, ncha kali ikiangalia chini, na sikuyaosha, maana yai lina utando wake wa nje unaozuia vijidudu kupenya kwenye matundu ya ganda, ukiosha umeuondoa. Yenye ufa au umbo la ajabu niliyaweka kando. Nikaingiza 44 kwenye mashine. Siku hiyohiyo koo mmoja alikuwa amegoma kutoka kiotani, nikampa mayai 11 kutoka trei ileile. Naomba hilo mlishike, nitalirudia.

Kioo cha mashine, kile kinachoonyesha joto, kilisoma digrii 37.5, ndilo joto linalotakiwa kwenye mashine yenye feni. Kwa majuma matatu sikukiona kikipanda wala kushuka zaidi ya nukta moja au mbili. Niliamka usiku kukiangalia. Nilikiamini kile kioo kuliko macho yangu.

Siku ya saba niliyamulika kwa tochi. Matano yalikuwa meupe kabisa, hayana kitu. Matatu yalikuwa na duara la damu, yaani mimba ilianza ikafa mapema. Kwenye 36 yaliyobaki mishipa ilikuwa imetandaa vizuri na unaona kidoa cheusi kinacheza katikati. Siku ya 14 nikatoa manne mengine. Yakabaki 32, yote yamejaa giza, chumba cha hewa kimeongezeka kama kinavyotakiwa. Siku ya 18 nikaacha kugeuza, nikaongeza maji ili unyevu upande, nikafunga.

Usiku wa kuamkia siku ya 19 nikasikia mlio ndani ya mashine. Nilifurahi sana. Sikujua kwamba ule mlio kuja mapema vile ni dalili mbaya. Kufika siku ya 20 asubuhi walikuwa wametoka tisa. Halafu kimya. Siku ya 21 kimya. Siku ya 22 kimya.

Hao tisa walivyokuwa, sitasahau. Kifaranga mzima ukimgeuza, kitovu kimejifunga na tumbo ni kavu. Hawa walikuwa na kidonda chekundu kibichi pale kitovuni, na wawili kipande cha kiini kilikuwa kinaning'inia nje, hakijaingia tumboni. Mmoja miguu yake ilitanuka huku na huku kama iliyovunjwa, hasimami. Wanne wamekufa ndani ya siku tatu. Nimebaki na watano kutoka mayai 44.

Na hapa nina neno kwa wale washauri wa mitandaoni pia. Siku ya 21 niliuliza, nikajibiwa na watu wengi kwa kujiamini kabisa: "Wasaidie, wamechoka, banja ganda taratibu." Nikachukua yai moja lililokuwa limetobolewa kidogo, nikaanza kubandua ganda. Kipande cha tatu, damu mbichi ikachuruzika kwenye ule utando wa ndani. Mishipa ilikuwa bado inafanya kazi. Kifaranga akishatoboa anaweza kukaa saa 12 mpaka 24 kabla ya kutoka, na muda huo halali bure, anavuta damu kutoka kwenye utando na kiini kinamalizika kuingia tumboni. Ukimbandua kabla hajamaliza unamuua kwa mikono yako. Alifia kiganjani mwangu. Mnaoandika "msaidie" bila kuuliza hata ni siku ya ngapi na ametoboa saa ngapi, mna sehemu yenu katika hili.

Siku ya 23 nikavunja yaliyobaki, moja moja, juu ya gazeti. Sikuyatupa bila kuangalia kwa sababu nilitaka kujua. Wengi walikuwa wamejaa ganda zima, mdomo umeshaingia kwenye chumba cha hewa, hakuna walichobakiza ila kugonga. Kiini kilikuwa nje nusu. Sikuona maji mengi ndani, kwa hiyo hawakuzama kwa unyevu kupita kiasi. Nikakaa nikajiuliza: waliowahi kutoka, vitovu wazi, viini havijaingia, miguu mibovu. Vyote hivyo mfugaji yeyote mzoefu atakwambia ni joto kuzidi. Lakini kioo kinasema 37.5.

Ndipo nikachukua kipimajoto cha homa, kile cha kuweka kwapani. Nikajaza chupa ndogo za maji, nikazipanga mahali pa mayai, nikawasha mashine na kuiacha kwa muda wa saa sita. Kioo: 37.5. Kipimajoto katikati ya chupa: 39.2. Nikadhani kimeharibika, nikaazima cha jirani. 39.1. Nikanunua cha tatu. 39.2.

Digrii 1.7 zaidi, mchana na usiku, siku zote hizo, na kioo kinaniangalia kinasema mambo shwari.

Nikafungua kifuniko nione. Kihisi cha joto wamekining'iniza juu kabisa, pembeni ya feni, karibu na tundu la kuingizia hewa kutoka nje. Yaani kinapulizwa na hewa baridi muda wote. Kikihisi ubaridi kinaamuru moto uwake, huko chini mayai yanapikwa. Nikakishusha kihisi mpaka usawa wa chupa kwa kutumia uzi. Mara kioo kikaanza kusoma 39. Kwa hiyo hata kifaa chenyewe si kibovu! Wamekiweka mahali pasipo na yai. Nani aliyeikagua hii mashine kabla ya kuiuza? Kuna mtu yeyote aliyeweka mayai ndani yake akasubiri siku 21 aone kinachotoka? Siamini.

Sasa turudi kwa koo. Mayai 11, trei ileile, majogoo walewale, siku ileile. Ametoka siku ya 21 na vifaranga 10. Vitovu vimefungwa, wamekauka vizuri, wanakimbia. Naomba muuzaji anieleze mbegu ilikosekanaje kwenye mayai 44 ya mashine ikapatikana kwenye 11 ya koo.

Na hilo la "ulifungua fungua" nimelichoka. Koo mwenyewe kila siku huondoka kiotani dakika 15 au 20, anakula, anakunywa, anajisaidia, mayai yamekaa wazi, na bado anaangua. Yai halipoi kwa kufumba na kufumbua. Na umeme ukikatika vifaranga huchelewa, hawawahi. Wangu waliwahi. Muuzaji wa mashine za kutotolesha asiyejua hata hilo ana haki gani ya kumfundisha mtu kazi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu hili hupewa kila mtu. Nimeongea na wafugaji wenzangu wanne walionunua mashine kwa wauzaji tofauti, wote waliambiwa mayai hayana mbegu, wote waliamini. Mmoja alimchinja jogoo wake. Jogoo mzima, mwenye miaka miwili, kisa kioo cha mashine ya mtu. Mwingine ameacha kabisa, anasema yeye hana mkono wa kuku. Mtu anafundishwa kujilaumu kwa kosa la kiwanda, na hana namna ya kujua kwa sababu hakuna aliyemwambia kioo kinaweza kusema uongo.

Ninachotaka kwa muuzaji nakisema hapa kwa kuwa simu yangu haipokelewi. Sidai mayai, hayarudi. Nataka kwanza anirudishie hela au anipe mashine iliyopimwa mbele yangu. Pili, kila aliyeuziwa mashine ya aina hii apigiwe simu aambiwe ashushe kihisi usawa wa mayai, leo, kwa sababu wapo watu wenye mayai ndani wakati huu na wanalala wakiamini 37.5. Tatu, ile asilimia 98 itoke kwenye tangazo. Picha za vipimajoto vitatu na kioo kikiwa pembeni ninazo, na video pia.

Kwa mnaopanga kununua: usiweke yai kabla ya kuiendesha mashine tupu siku nzima na chupa za maji. Kipimajoto cha homa kinatosha, kinasoma vizuri kuanzia 35 hivi mpaka 42, humo humo tunamotaka. Kiweke katikati, kisha kila pembe, kwa sababu joto la pembeni na la katikati hutofautiana. Unyevu nao usiamini. Chukua kipima unyevu cha kujitegemea, kitie kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi iliyolowa maji kidogo, iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Kiache usiku kucha. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, ujue kinapunguza saba.

Na wewe uliyenunua ya mayai 48 yenye kihisi juu pembeni ya feni, usisubiri siku ya 21. Pima sasa hivi, halafu andika hapa chini kioo kimesema ngapi na kipimajoto kimesema ngapi. Usimguse jogoo.