Wauzaji wa swichi za mtandao Arusha, acheni kukata mkia wa namba ya modeli!

Wakuu, imetosha. Proforma za maduka ya vifaa vya mtandao hapa mjini zinaandikwa "Cisco 2960X poti 48 PoE", basi. Hiyo si namba ya modeli, ni jina la ukoo. Ni sawa na kufika Machame ukamuulizia Swai.

Tazameni WS-C2960X-48LPD-L na WS-C2960X-48FPD-L. Kwa macho ni mapacha. LP inatoa wati 370 za PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) kwa swichi nzima, FP inatoa 740. Kamera ya daraja la 3 hutengewa wati 15.4, kwa hiyo LP inamudu kamera 24 na FP inajaza poti zote 48. Hoteli yenye kamera 40 ikiuziwa LP, kamera 16 hazitawaka, fundi atakata na kubana vichwa vya kebo upya siku nzima wakati kebo hazina kosa lolote. Andikeni amri ya show power inline ndani ya swichi, jibu lote liko pale.

Herufi inayofuata nayo inaliza watu. D ni matundu 2 ya SFP+ ya gigabiti 10 (SFP ni kile kidude cha kuchomekea faiba, SFP+ ni cha kasi zaidi). S, kama kwenye 48LPS, ni matundu 4 ya SFP ya gigabiti 1. SFP-10G-LR, ambayo ni ya gigabiti 10, ukiichomeka kwenye S haifanyi kazi, na duka linakwambia "SFP yako mbovu"! Mwishoni ni toleo la programu: -L ni LAN Base na -LL, iliyopunguzwa, ni LAN Lite. LL haiungwi stack (swichi kadhaa kufanya kazi kama moja) hata ukinunua moduli. Hata hiyo -L haiji na moduli ya stack, C2960X-STACK inanunuliwa peke yake. Msikubali kupewa C2960S-STACK eti ni ileile, hiyo ni ya 2960-S.

Kwenye moduli za aplinki, yaani za kuunganisha swichi na swichi kuu, ndiko hela inakopotea zaidi. Chukueni ukoo mwingine wa Cisco, 3850: C3850-NM-4-10G haifanyi kazi kwenye 3850 za kawaida za poti 24 za gigabiti 1. Mtu mwenye WS-C3850-24P anauziwa hiyohiyo kwa sababu "zote ni 3850". C3850-NM-2-10G ina matundu manne usoni, lakini mawili ya kushoto ni ya gigabiti 1 tu, ya gigabiti 10 ni mawili ya kulia. Moduli nzima ngapi zimerudishwa Dar kwa basi kwa sababu SFP+ ilichomekwa kushoto? Moduli za C3850-NM zinaingia kwenye C9300, ukoo mpya zaidi, ila C9300-NM-8X haifanyi kazi kwenye 3850. Na C9300L haina nafasi ya moduli kabisa: aplinki zake zimeandikwa kwenye jina, kama -4G au -4X, huwezi kubadilisha baadaye. Herufi ya mwisho pale, E au A, ni leseni ya Essentials au Advantage, na bei zake haziko sawa.

SFP kwa kifupi: GLC-LH-SMD ni ya faiba ya singo modi, GLC-SX-MMD ni ya malti modi. SM na MM zimo ndani ya jina, someni.

Kuna pia wanaopandisha bei kwa alama ya = mwishoni, eti ndiyo "orijino". Huo ni wizi. Alama hiyo maana yake ni kipuri kinachoagizwa peke yake, haihusu ubora.

Wateja, hasa watu wa manunuzi wa shule, hospitali na hoteli: namba iandikwe herufi kwa herufi kwenye proforma na kwenye risiti ya EFD, pamoja na mkia wote. Bila hivyo mkidai mtaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi, na hamtakuwa na cha kuonyesha. Kabla ya kulipa, swichi iwashwe palepale dukani, kebo ya konso (ya kuingia ndani ya swichi kwa kompyuta) ichomekwe, iandikwe amri ya show inventory. PID, yaani namba ya modeli, ilingane na proforma, SN, yaani namba ya kifaa chenyewe, ilingane na stika na boksi. Stika hubandikwa upya kwa dakika mbili, PID ya ndani si rahisi hivyo. Moduli ichomekwe ndani ya swichi mnayonunua, si "tutaijaribu kwako". Duka likikataa kuwasha, ondokeni na hela yenu.

Wenye maduka mliomo humu, kwa nini hamuandiki namba kamili? Nijibuni hapahapa.