Niliweka nafasi ya pikapu ya umeme ya Slate kwa dola 50: niendelee kusubiri, au ninunue gari jingine kabla ya Septemba 30?

MamaWawili (Columbus, Ohio), Julai 2025

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani. Kila siku ya kazi naendesha wastani wa maili 55, kutoka nyumba ya mzee mmoja hadi ya mwingine, kwa Corolla ya mwaka 2008 ambayo fundi ameniambia bila kunificha kwamba giaboksi yake haitavuka majira mengine ya baridi. Mwishoni mwa Aprili, siku chache baada ya kampuni ya Slate kuionyesha pikapu yake huko California, niliweka nafasi kwa dola 50 kwa kutumia simu, nikiwa nimeegesha nje ya nyumba ya mteja, na shughuli yote haikuchukua hata dakika tano. Kilichonivuta ni bei. Ilitangazwa kwamba ukishaondoa nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa wanunuzi wa magari mapya ya umeme, ambayo ni dola 7,500, gari lingepatikana chini ya dola 20,000, na mimi sijawahi kuona gari jipya la umeme likiuzwa kwa bei hiyo katika nchi hii.

Sasa mambo mawili yamenichanganya. La kwanza ni kwamba sheria iliyotiwa saini Julai 4 inaifuta nafuu hiyo kwa magari yatakayonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025, ilhali pikapu yenyewe inatarajiwa kuanza kukabidhiwa wateja mwishoni mwa mwaka 2026; na yale maneno "chini ya dola 20,000" yameshaondolewa kwenye tovuti. La pili ni kwamba mwezi Mei ilitangazwa kuwa walioweka nafasi wamepita 100,000. Mume wangu anasema idadi hiyo inaonyesha gari ni zuri, na kwamba nikijitoa leo nitajuta. Mimi nahofia kinyume chake, yaani kwamba foleni ndefu kiasi hicho itaipa kampuni kisingizio cha kupandisha bei.

Kuna yadi moja hapa mjini inayouza Chevrolet Bolt ya mwaka 2021, gari la umeme lililotumika, kwa dola 15,800. Naombeni ushauri, hasa kutoka kwa waliowahi kukaa kwenye foleni za namna hii.

MzeeWaFoleni

Marahaba, binti yangu.

Machi 31, 2016 nilikuwa miongoni mwa watu waliopanga mstari nje ya duka la Tesla ili kuweka nafasi ya Model 3, gari lao jipya la umeme. Tulitoa dola 1,000 kila mmoja kwa gari ambalo lilikuwa halijaonyeshwa bado, kwa maana uzinduzi wenyewe ulikuwa usiku wa siku hiyo hiyo. Mbele yangu palikuwa na bwana mmoja aliyekuja na kiti cha kukunja na chupa ya chai, akatugawia sisi watatu tuliokuwa karibu naye, na mpaka leo nikisikia habari za kuweka nafasi ya gari naikumbuka ile chai kabla sijakumbuka gari.

Katika wiki moja nafasi zilifika 325,000. Mwezi Agosti 2017 Elon Musk mwenyewe alieleza kwamba jumla ilikuwa imefika 518,000, ila zilizobaki ni 455,000, maana yake watu 63,000 walikuwa wameshajitoa kabla gari halijafika mikononi mwa umma. Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu. Bei iliyotajwa tangu mwanzo ilikuwa dola 35,000, lakini kiwanda kilianza na matoleo ya bei ya juu, na toleo la dola 35,000 lilifunguliwa kwa wateja mwishoni mwa Februari 2019, karibu miaka mitatu baada ya ule mstari. Wakati huo kampuni ilikuwa imeshavuka kikomo cha magari 200,000 kilichowekwa na sheria ya zamani, kwa hiyo nafuu ya kodi ilikuwa imeshuka kutoka dola 7,500 hadi 3,750 tangu Januari 1 mwaka ule. Aliyesubiri gari la bei nafuu alilipata, lakini nafuu ya kodi ilikuwa imebaki nusu.

Mimi nilijitoa mwaka 2018, kwa sababu binti yangu alianza chuo na fedha zikahitajika kwingine. Dola zangu 1,000 zilirudi zote. Nafasi niliipata kihalali, na gari lenyewe halikuwa baya. Ni kwamba maisha yangu hayakukubali kusimama kulisubiri. Wewe giaboksi yako imeshakutajia tarehe. Slate haijakutajia.

MkaguziWaHesabu

Dada MamaWawili, naona wewe na mumeo mnabishana juu ya namba moja ambayo haisemi lile mnalotaka iseme. Nafasi 100,000 kwa dola 50 ni dola milioni 5. Kwa mtu wa kawaida hizo ni fedha nyingi, lakini kwa kampuni inayogeuza jengo la zamani la uchapishaji kule Warsaw, Indiana kuwa kiwanda cha magari, fedha hizo haziwezi kuwa ndizo zinazotafutwa. Kinachotafutwa ni hiyo namba yenyewe, ili ionyeshwe kwa wawekezaji na kwa wauzaji wa vipuri. Silaumu, kwa sababu ndivyo biashara hii inavyoendeshwa, lakini mteja anapaswa kujua kwamba anatoa sahihi kwenye orodha ya wanaovutiwa. Hajanunua chochote, wala hajauziwa bei.

Tazama mifano miwili. Ford ilifungua orodha ya pikapu yake ya umeme, F-150 Lightning, mwezi Mei 2021 kwa amana ya dola 100, ikapata nafasi 44,500 ndani ya saa 48, na kabla mwaka haujaisha zilikaribia 200,000 mpaka ikafunga orodha. Mauzo yake hapa Marekani yalikuwa 15,617 mwaka 2022, 24,165 mwaka 2023 na 33,510 mwaka 2024. Jumlisha mwenyewe: miaka mitatu, magari 73,292, na ndani yake wamo walionunua bila kuwahi kuweka nafasi. Bei ya toleo la chini ilianzia dola 39,974 ikapanda hadi dola 59,974 mwezi Machi 2023, kisha mwezi Julai mwaka huo huo ikashushwa. Cybertruck, pikapu ya umeme ya Tesla, ndiyo mfano mkali zaidi. Musk alisema nafasi zimepita milioni moja, tena kwa amana ya dola 100. Lakini magari yalipoitwa kurekebishwa mwezi Machi mwaka huu, wito uliohusu takriban yote yaliyotengenezwa tangu mwanzo, idadi ilikuwa 46,096. Bei ya kuanzia iliyotajwa mwaka 2019 ilikuwa dola 39,900, na siku ya makabidhiano ya kwanza, Novemba 2023, toleo la chini lilitajwa kwa dola 60,990.

Kwa hiyo hofu yako kwamba foleni ndiyo inayopandisha bei haina msingi mkubwa. Bei hupanda kwa gharama za betri, za vifaa na za kuchelewa, na mwenye foleni ya watu wa dola 50 anajua vizuri kwamba akipandisha sana wataondoka kwa kubonyeza kitufe kilekile walichoingilia. Rivian, kampuni nyingine ya magari ya umeme, walilijaribu hilo mwezi Machi 2022: walitangaza nyongeza iliyowagusa hata waliokwisha kuagiza, na baada ya siku mbili tu wakarudisha bei ya zamani kwa watu hao na kuomba radhi. Ila hao walikuwa wameagiza gari lenye bei iliyoandikwa. Wewe hujafika huko.

Ukitaka kujua mahitaji ya kweli, uliza ni wangapi wamefunga oda kwa fedha zisizorudi. Mwezi uliopita huko China, Xiaomi walisema gari lao la umeme, YU7, limepata oda 240,000 zilizofungwa ndani ya saa 18. Hiyo ndiyo namba ambayo ningemruhusu mumeo aitumie kubishana.

ShangaziWaIndy

Jina lako ni MamaWawili. Pikapu ya Slate ina viti viwili. Wewe ni mmoja. Hao wawili mmoja atakaa wapi?

MamaWawili

Shangazi, nimecheka mpaka mteja wangu akauliza kuna nini. Kuna kifurushi cha kuigeuza iwe gari la watu watano, na nilikuwa nimepanga kukinunua, ila nakiri kwamba sikuwa nimekijumlisha kwenye zile dola 20,000. Mume wangu ana gari lake la kazi, lakini asubuhi watoto nawapeleka mimi.

ShangaziWaIndy

Basi lijumlishe, mwanangu. Na redio pia, maana nasikia linakuja bila redio, bila rangi, na vioo unazungusha kwa mkono kama Peugeot 404 ya marehemu baba. Sina ubaya nalo, nimelipenda. Lakini gari la bei nafuu ambalo kila kitu chake kinanunuliwa pembeni ni kama kununua kitanda kisha ukaambiwa chaga ni bei nyingine.

FundiWaDayton

Nitajibu upande wa Bolt tu, kwa sababu huko kwingine wenzangu wameshamaliza.

Nafuu ya kodi kwa magari ya umeme yaliyotumika nayo inakufa Septemba 30, lakini leo bado ipo. Ni asilimia 30 ya bei, na haizidi dola 4,000. Gari liwe na bei isiyozidi dola 25,000, liwe la modeli ya angalau miaka miwili nyuma, liuzwe na muuzaji mwenye leseni, na mapato ya mke na mume wanaojaza fomu ya kodi pamoja yasizidi dola 150,000. Kwa dola 15,800, asilimia 30 inapita 4,000, hivyo unapata 4,000 kamili na kubaki na dola 11,800 kabla ya kodi ya mauzo. Muulize mwenye yadi maswali mawili kabla hujavaa viatu: je, amesajiliwa kwenye mfumo wa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, ili nafuu hiyo iondolewe papo hapo kwenye bei, na je, gari hilo halijawahi kuombewa nafuu hiyo hapo nyuma? Akibabaika kwenye la kwanza, nenda yadi nyingine.

Kuhusu gari lenyewe, Bolt zote ziliitwa kurekebishwa mwaka 2021 kwa sababu ya hatari ya betri kushika moto. Baadhi zilibadilishiwa betri nzima, na nyingine za modeli ya 2020 hadi 2022 ziliwekewa programu ya kuichunguza. Chukua namba ya chasisi iliyo chini ya kioo cha mbele, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama kuna wito uliobaki, kisha mpigie simu muuzaji yeyote rasmi wa Chevrolet akuambie ni lipi kati ya hayo mawili lilifanyika. Iliyobadilishiwa betri ina waranti ya miaka 8 au maili 100,000 kuanzia siku ya mabadiliko, na kwa mtu wa maili 55 kwa siku hilo ni jambo kubwa.

Fungua pia kifuniko cha kuchajia. Ukiona tundu la mviringo peke yake, gari hilo haliwezi kuchajiwa kwenye vituo vya chaji ya haraka, kwa sababu mwaka 2021 kipengele hicho kilikuwa cha kuongezewa. Ukiona chini yake matundu mawili makubwa, lipo sawa. Likiwa jipya lilipimwa maili 259 kwa chaji moja, na hata baridi ya Januari ikila sehemu kubwa ya hizo utarudi nyumbani bila wasiwasi. Slate ya betri ndogo imetajwa kuwa na maili 150. Usisahau dola 200 za nyongeza ambazo Ohio hutoza kila mwaka kwenye usajili wa gari la umeme. Hizo utalipa kwa gari lolote kati ya haya mawili.

AliyeumwaNaNyoka

Niongeze tahadhari moja. Miaka michache iliyopita niliweka amana ya gari la umeme kwa kampuni changa ambayo sitaitaja. Nilipotaka kujitoa niliambiwa fedha zitarudi ndani ya siku chache, zikapita wiki, kisha kilichofika ni bahasha ya mahakama ya ufilisi yenye fomu ya madai. Sheria ya ufilisi ya Marekani huwapa kipaumbele wateja walioweka amana, na kuanzia Aprili mwaka huu kiwango hicho ni hadi dola 3,800 kwa mtu, lakini ni kipaumbele cha nyuma ya wakopeshaji wenye dhamana, na mara nyingi huko nyuma hakubaki kitu.

Simaanishi kwamba Slate itafika huko, na dola 50 si za kukunyima usingizi. Namaanisha kwamba siku watakapokuandikia barua pepe kukutaka ugeuze nafasi iwe oda, na kiasi kikapanda, hapo ndipo pa kusoma kila mstari, kulipa kwa kadi ya mkopo badala ya kadi ya benki, na kuhifadhi nakala ya masharti ya siku hiyo.

KijanaWaNyasi (Fort Wayne, Indiana)

Mimi nimo kwenye foleni hiyo hiyo na sitoki. Ninakata nyasi kwenye nyumba za watu, sina mtoto, sihitaji redio kwa sababu simu ninayo, na pikapu ndogo mpya ya bei ya chini haipatikani tena katika nchi hii, iwe ya umeme au ya mafuta. Hata ikifika dola 27,000 bila nafuu yoyote nitaichukua. Pikapu yangu ya sasa bado inatembea, kwa hiyo kusubiri hakunigharimu kitu. Dada, nadhani tofauti yangu na yako iko hapo tu.

MamaWawili

Nawashukuru nyote. Jana jioni nilimsomea mume wangu majibu haya moja baada ya jingine. Alinyamaza kwenye hesabu ya Lightning, akabisha kidogo kwenye Cybertruck, na aliposikia swali la Shangazi akasema, "Hilo kweli hatukulifikiria."

Nafasi yangu ya dola 50 nimeiacha ilivyo, nikijua sasa kwamba ni jina kwenye orodha. Yadi imethibitisha kwa simu kwamba imesajiliwa IRS na kwamba gari halijawahi kuombewa nafuu, na namba ya chasisi haionyeshi wito wowote uliobaki. Bado nasubiri jibu kama betri ilibadilishwa au iliwekewa programu. Jumamosi saa nne asubuhi naenda kufungua kile kifuniko. FundiWaDayton, ikiwa ni tundu moja tu, je, nipunguziwe kiasi gani?

FundiWaDayton

Ikiwa ni tundu moja, usiombe kupunguziwa. Kwa kazi yako ya kuzunguka mjini utalilaumu gari hilo siku ya kwanza utakaposahau kulichaji usiku. Aga vizuri, utafute jingine. Mpaka Septemba 30 una wiki za kutosha.