Nimezaliwa Mtwara lakini joto la mbio za Dar limenidondosha kilomita ya 16, naombeni uzoefu wenu kabla sijaingia kilomita 42

mwana_shangani

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa zangu wote humu.

Mimi nipo Mtwara mjini, nimekulia Shangani, miaka 34, huu mwaka wa tatu nakimbia. Njia yangu ni moja tu, naenda Mikindani narudi, ile inakaribia kilomita 21 na naimaliza kwa saa 1 na dakika 52 bila kuhema sana. Mwaka jana nikajiandikisha nusu marathoni Dar. Nikasema Dar si pwani kama huku, joto mimi nimelizoea tangu tumboni kwa mama yangu, wa kuogopa ni hao wanaoshuka Arusha. Kumbe sivyo kabisa.

Tulipangiwa kuanza saa 12 asubuhi, mgeni rasmi akachelewa, tukasimama kwenye lami tumebanana mpaka saa 1 kasoro, mbele mtu nyuma mtu tunapumuliana, singlendi imelowa chapachapa kabla sijapiga hata hatua moja. Kilomita 10 nikapita dakika ya 51, najiona niko vizuri. Daraja la Tanzanite wakati wa kwenda upepo ulikuwa unapiga usoni raha tupu, tulipogeuza upepo kama umekatwa na kisu, alafu jua nalo limeshapanda. Kilomita ya 14 kituo cha maji nimekuta maboksi matupu na vijana wamesimama wanatuangalia tu. Ya 16 nikaanza kusikia baridi. Yani baridi kabisa, vinyweleo vimesimama kwenye jua lile, masikio yanavuma kama umeweka kombe la baharini sikioni. Nikakaa pembeni kwenye ukingo wa barabara, mama mmoja muuza madafu akaja na ndoo yake akanimwagia maji kichwani mpaka mgongoni, akaniuliza baba unaitwa nani, na jina langu mwenyewe nikachelewa kulipata. Hapo ndo niliogopa. Nikamalizia kwa kutembea, saa 2 na dakika 31.

Sasa mwaka huu nataka marathoni nzima, 42. Mke wangu hataki hata kusikia na simlaumu. Naombeni mnieleze, kwanini joto lile lile la pwani huku siumii kule limenishinda? Na maji mtu anakunywaje, kiasi gani? Na mazoezi nifanye juani au niendelee na alfajiri?

mwalimu_wa_mitwero

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Mimi niko Lindi, nina miaka 53, marathoni nzima nimemaliza mara sita, nne kati ya hizo ni Dar, na mara moja niliishia kilomita ya 33 kwenye bodaboda, kwa hiyo ninachokwambia nimekipitia.

Kwanza nikuulize, kwenda Mikindani unatoka nyumbani saa ngapi? Najua utasema saa 11 alfajiri, sote tunafanya hivyo, na saa 1 tumeshaoga. Sasa hapo joto umelizoea saa ngapi? Umelizoea kwa kukaa barazani na kulala nalo, lakini kulikimbilia hujalizoea. Mwili unaokimbia wenyewe ni jiko, kuni zake ni miguu yako, na kadiri unavyoongeza spidi ndo unavyoongeza kuni.

Jambo la pili ni unyevu, na hili watu wengi hawalielewi. Mke wako akifua kanga Februari mvua zimekolea, akaianika asubuhi, si mpaka jioni bado ina ubichi? Akienda nayo Dodoma mwezi wa nane ile ile inakauka kabla hajamaliza kuanika ya pili. Ngozi yako ni hiyo kanga. Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka. Likidondoka chini au likibaki limelowesha jezi umepoteza maji na chumvi bure, joto limebaki ndani. Na pale mlipobanana kwenye mstari dakika karibu 50 hakuna hewa inayopita, ndo maana ulianza mbio ukiwa umeshachemka.

Na upepo haukukatwa. Ulikuwa umehamia mgongoni. Ukikimbia na upepo unaokusukuma kwa spidi yako ile ile, wewe kwa ngozi yako ni kama umesimama chumbani madirisha yamefungwa. Angalia hata huko kwako kusi likivuma, kuelekea Mikindani linakusindikiza unatota jasho, kurudi linakupiga usoni unapata nafuu, na unafikiri ni kwa sababu umekaribia nyumbani.

Kosa lako kubwa ni ile dakika ya 51. Mtwara unakwenda dakika 5 na sekunde 18 kwa kilomita, Dar umeenda 5 na sekunde 6, kwenye joto zaidi. Muangalie Simbu wetu. Aprili 2025 Boston alikuwa wa pili kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huo huo Tokyo, joto na unyevu, akawa bingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, amempita yule Mjerumani Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ni mbio mbili tofauti na njia zake tofauti, sawa, lakini bingwa wa dunia alitumia karibu dakika tano zaidi na dhahabu akaichukua. Na aliweza kuichukua kwa sababu alikuwa amebakiza kitu mwishoni wakati wengine wameshaisha. Sasa mimi na wewe tunang'ang'ania taimu ya nini?

Mimi Dar naongeza sekunde 30 mpaka 40 kwa kila kilomita juu ya spidi yangu ya kawaida, tangu kilomita ya kwanza, hata kama nahisi mwepesi. Hasa kama nahisi mwepesi.

Alafu kuna hili la kwetu sisi wa kusini hakuna anayeliandika popote. Basi. Unatoka Mtwara asubuhi, siku nzima barabarani, hunywi maji kwa sababu unaogopa kusumbua dereva asimame uchimbe dawa. Somanga unashuka unakula samaki wa kukaanga na chumvi yake, unapanda tena. Unafika Dar jioni midomo imepasuka, kesho yake alfajiri unakimbia. Umeanza mbio ukiwa na deni. Nenda siku mbili kabla kama una ndugu wa kukulaza.

kamua_tu_masasi

Mkuu usitishike, hilo ni suala la maji tu hukunywa ya kutosha. Mimi nilifanya 42 nikanywa kila kituo chupa nzima hata kama sina kiu na kabla ya kuanza nikameza diklofenaki mbili, sikusikia maumivu mpaka namaliza. Saa 5 na dakika 20. Jioni nilitapika kidogo na vidole vikavimba pete haikutoka lakini kesho yake nikawa fresh.

nesi_wa_zamu

Kaka wa Masasi nakuheshimu kwa kumaliza lakini naomba wadau wengine wasikufuate kwenye hilo, na naandika hivi kwa sababu nimeshika watu kwenye mahema ya huduma ya kwanza na nimeona.

Kutapika na vidole kuvimba baada ya saa tano za kunywa chupa nzima nzima, hizo ni dalili za maji kuzidi na chumvi ya damu kushuka. Boston mwaka 2002 walipima damu za wakimbiaji 488 pale mwisho wa mbio, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa chini ya kiwango, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mpaka uzito ukaongezeka na waliokaa njiani zaidi ya saa nne. Yani sisi sisi wa nyuma. Ubongo unavimba mtu anaweweseka, anaonekana kama kakosa maji, wenzake wanamuongezea maji, wanammaliza. Kunywa kwa kiu. Kiu ikija kunywa, isipokuja usijilazimishe.

Na diklofenaki kabla ya kukimbia tafadhali acheni. Ukikimbia kwenye joto damu nyingi inakwenda kwenye ngozi na misuli, figo zinabaki na kidogo, alafu unameza dawa inayobana hata hicho kidogo. Maumivu yenyewe ni taarifa, ukiyazima utajuaje umevuka mpaka?

Sasa mwana_shangani, hiyo baridi uliyosikia juani na jina kukupotea. Nataka uelewe ulikuwa umefika wapi. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili ikianza kuyumba, hicho ni kiharusi cha joto na kinaua. Yule mama wa madafu pengine ndiye aliyekuokoa, na alifanya kitu sahihi kuliko wengi wenye mafunzo, alikupoza kwanza. Mtu akifika hapo usimkimbize hospitali akiwa anachemka kwenye bajaji, mpoze pale pale, ndoo baada ya ndoo, barafu shingoni kwapani na kwenye kinena, mpepee na kipande cha boksi, gari mtalitafuta huku mnamwagia. Kama kuna beseni kubwa au pipa la maji ya barafu mtumbukize mwili mzima kichwa kibaki nje mmeshikilia. Akiwa hajielewi msimnyweshe kitu.

Kuhusu kiasi cha maji jipime mwenyewe, kila mtu na jasho lake. Panda mizani kabla ya kukimbia, bila nguo au na bukta tu, kimbia saa nzima kwa spidi ya mbio, jifute, panda tena. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, ongeza na ulichokunywa njiani. Huna haja ya kurudisha yote.

Chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye lita moja ya maji safi. Usizidishe chumvi ukadhani ndo nguvu zaidi. Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu, kwa hiyo kunywa dafu na kitu cha chumvi.

Ukiwa na homa hata kidogo wiki ya mbio, pima malaria, na usikimbie. Medali ipo mwakani.

niliyesoma_pune

Mimi ni wa Newala ila nilisoma India, na nilikimbia marathoni ya Mumbai nikiwa chuo, ndo mbio yangu ngumu kuliko zote. Inakimbiwa Januari wakati kwao ndo kipupwe, na bado ni unyevu wa bahari kama wa hapa. Sisi watu wa kawaida walituanzisha giza totoro, mabingwa wanaanza baadae jua limeshatoka. Simbu aliishinda ile Januari 2017 kwa saa 2:09:32, nilijivunia sana kuwaonesha wenzangu chuoni.

Kilichonikaa kichwani ni kilima cha Peddar Road. Unapita daraja refu la baharini la Bandra-Worli asubuhi bado kuna hewa, unajipa moyo kwamba leo naweza, alafu kile kilima kinakuja mwishoni kabisa miguu imeisha na jua liko utosini. Kwingine siku yoyote ungekipanda ukiongea. Nilitembea chote. Pembeni familia nzima zimetoka majumbani, bibi mzee ameshika sahani ya machungwa yaliyomenywa na kunyunyiziwa chumvi, ananipa mkononi moja moja kama mjukuu wake, nilikula manne na lile chungwa la chumvi mpaka leo naweza kulisikia mdomoni. Tangu hapo mbio zote nabeba kipakiti cha chumvi mfukoni.

Kuhusu mazoezi nilivyofanya mimi: wiki mbili za mwisho mwili unahitaji kuonjeshwa joto, siku kama 10 hadi 14. Unaanza kutoka jasho mapema zaidi, jasho linakuwa na chumvi kidogo, moyo hauendi mbio sana. Sio kwenda kukimbia saa 7 mchana, hapana. Nilikuwa natoka saa 2 asubuhi, taratibu, dakika 40 naongeza mpaka saa na nusu, na mtu anajua nilipo.

Na mkiona taabu jua hata mabingwa. Doha 2019 mashindano ya dunia, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa 6 usiku kukwepa jua na bado kati ya 68 walioanza 28 hawakumaliza. Jua halikuwepo! Unyevu ulitosha.

mwana_shangani

Wakubwa zangu nashukuru sana, nimesoma mara mbili na mke wangu nimemsomea ya nesi, amenyamaza muda mrefu alafu akasema basi nenda lakini mimi nitakuwepo njiani na ndoo.

Jumamosi nimejipima. Nyumbani mizani sina, nikaenda kwa jamaa yangu mwenye ghala, ana mizani ya kupimia magunia ya korosho, nikapanda na bukta saa 2 kasoro asubuhi: 71.4. Nikakimbia saa 1 na nusu nikanywa nusu lita, nikarudi nikajifuta na kanga kavu, nikapanda: 69.8. Kwa hiyo kama nimehesabu sawa ni lita 2 na pointi moja, karibu lita 1.4 kwa saa. Mwaka jana mpaka pale kilomita ya 16 nilikuwa nimekunywa vikombe viwili.

Na nilikimbia kwa dakika 5 na sekunde 55 kama mwalimu alivyosema, mwanzoni ilinikera, watoto wa shule wananipita. Ila mpaka namaliza naweza kuongea na mtu.

nesi_wa_zamu

Hesabu iko sawa. Kwa jasho hilo usijaribu kurudisha lita 1.4 kwa saa, tumbo litakataa, kati ya nusu lita na robo tatu kwa saa kwa kiu yako inakutosha, na kachupa ka chumvi na sukari ujibebee mwenyewe mkononi, usitegemee boksi la mtu. Na shemeji mwambie akae baada ya kilomita ya 30, sio mwanzoni.

mwalimu_wa_mitwero

Mdogo wangu mimi nakuja Mtwara mwisho wa mwezi kwa dada yangu Chikongola. Tutoke wote saa 1 na nusu asubuhi, Mikindani na kurudi, kwa dakika 6. Nitakuja na chumvi, wewe tafuta machungwa.