Naomba ushauri: kazi za mikono za watoto wa shule ya Jumapili

Wapendwa, nawasalimu kutoka Malindi, ambako nafundisha shule ya Jumapili watoto wa miaka 4 hadi 7. Juma lililopita niliwatembeza ufukweni, chini ya mivinje, ili waokote vitu vya asili vya kutengenezea picha za habari ya uumbaji. Wakarudi na mbegu za mivinje, vifuu, makuti makavu na, kwa bahati mbaya, makombe tele. Upande ule umo katika hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, ambamo kuokota makombe ni marufuku, hivyo tulirudi kuyarejesha (na hapo ndipo walipofurahi zaidi).

Shida yangu ni kwamba gundi ya unga niliyoipika haishiki vifuu, na wadogo huchoka kabla hatujaanza kazi yenyewe. Je, ninyi huwatembeza kwa muda gani, na hutumia gundi gani isiyo na madhara? Tena, ukiacha misalaba ya Jumapili ya Matawi waliyokwisha kuizoea, mtoto wa miaka 4 anaweza kusuka nini kwa majani ya mnazi bila mwalimu kumalizia kazi yote?