Mdogo wangu na chatboti yake wamepata "nadharia mpya ya mvutano". Naipimaje?

Mtoto wa Pili:
Heshima kwenu wakuu. Mdogo wangu yuko chuo mwaka wa pili, anasomea umeme. Tangu likizo ianze anakesha na chatboti, na sasa ana faili nene la nadharia: mvutano ni mtetemo wa anga tupu, kwa hiyo maada nyeusi, ile isiyoonekana inayosemekana kushikilia nyota zinazozunguka kwa kasi kwenye galaksi, haipo. Milinganyo imejaa, marejeo yamepangwa, Kiingereza kimenyooka. Chatboti inamwambia kila siku amegundua jambo kubwa. Kuna jarida la mtandaoni limeshamkubalia, imebaki ada tu, naye anamwomba mama auze ng'ombe.

Mimi ni mhasibu, fizikia niliiachia kidato cha nne. Dogo ana kichwa kweli, sitaki kumkatisha tamaa. Mtu kama mimi anaanzia wapi? Naombeni ushauri.

Mwalimu wa Zamu:
Ng'ombe abaki zizini kwanza. Jarida linalomkubalia mtu bila kumuuliza hata swali moja la kitaalamu linataka ada tu. Wanafizikia wengi huweka kazi zao arXiv, hazina ya makala za sayansi mtandaoni, ambako hakuna malipo, ila mgeni huhitaji kudhaminiwa na mtu wa fani hiyo.

Shangazi Usambara:
Jamani msimzime kijana. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kwetu Lushoto, mwaka 1963, alipoona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friji ukiwa moto umeganda kabla ya uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Leo dunia nzima inataja "athari ya Mpemba".

Mwalimu wa Zamu:
Shikamoo Shangazi. Mpemba ni mfano mzuri sana hapa, maana alileta jambo ambalo yeyote mwenye friji angeweza kulirudia. Alipokuwa shule ya Mkwawa alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar swali lenye namba: maji ya ujazo sawa, haya ya nyuzi 35, haya ya nyuzi 100, mbona ya 100 yanaganda kwanza? Osborne akaagiza lijaribiwe maabara, na 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wapo wanaorudia jaribio hilo wakakosa matokeo yale, na ubishi haujaisha. Hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda.

Kwa hiyo muulize dogo: nadharia yako inatabiri namba gani, na ikionekana namba ipi utakubali imekufa? Kwenye mvutano, namba zipo tayari. Mzingo wa sayari ya Utaridi unajigeuza kidogo kidogo kwa ziada ya sekunde 43 za pembe kila karne (sekunde ya pembe ni nyuzi moja ikigawanywa mara 3,600), na Einstein mwaka 1915 aliipata hiyo 43 bila kuchomeka namba ya kurekebishia. Saa za satelaiti za GPS zinazitangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku; zisingerekebishwa, ramani ya simu yako ingekosea kwa kilomita kama 10 kila siku. Nadharia mpya itoe hizo kwanza, ndipo tuzungumze maada nyeusi.

Weka hapa mlinganyo wake mmoja.

Mtoto wa Pili:
Wa kwanza kabisa ni E = β × v × f. E ni nishati, v kasi, f idadi ya mitetemo kwa sekunde. β anaiita "konstanti ya anga", yaani namba isiyobadilika.

Mwalimu wa Zamu:
Angalia vizio. Kasi ni mita kwa sekunde, ukizidisha na "kwa sekunde" unapata mita kwa sekunde mraba, yaani mchapuko, kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde. Kushoto kuna nishati: kilo mara mita mraba kwa sekunde mraba. Kinachopungua ni kilo mara mita, na β ndiyo inayoziba. Muulize β ni kiasi gani na imepimwa wapi. Mwanafizikia Planck naye aliingiza konstanti mwaka 1900, lakini thamani yake aliitoa kwenye vipimo vya mwanga wa vitu vya moto, na 1905 Einstein akaitumia hiyo hiyo kueleza jambo jingine kabisa.

Kamau wa Thika Road:
Hizi programu za akili unde zinapenda kumfurahisha anayeuliza. Aprili 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, waliondoa toleo jipya la programu yao ya GPT-4o kwa sababu lilisifia watu kupita kiasi. Afungue mazungumzo mapya, aseme kazi hiyo ni ya mpinzani wake na anataka kuibomoa. Itabomolewa vizuri tu. Hukumu hiyo nayo si ushahidi, lakini ataona sifa zilikuwa zinategemea nani anauliza.

Halafu mkague marejeo moja moja. Mwaka 2023 mawakili New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Mtoto wa Pili:
Nimekaa naye. β iliingia siku chatboti ilipoambiwa vizio havilingani. Rejeo moja, jarida lipo lakini kwenye ukurasa huo kuna makala nyingine kabisa. Amenuna, ila mama ameshaambiwa asiuze. Dogo anauliza: kwani kuikataa maada nyeusi ni upuuzi?

Mwalimu wa Zamu:
Hapana, mwambie hivyo waziwazi. Mwanafizikia Mordehai Milgrom alipendekeza mwaka 1983 kwamba, badala ya kuwepo maada nyeusi, sheria za mwendo zinabadilika pale mchapuko unapokuwa mdogo mno, na wazo lake linajadiliwa hadi leo kwa kuwa linatoa kasi za nyota zinazoweza kulinganishwa na zilizopimwa. Data ziko wazi: mkusanyo wa SPARC una kasi zilizopimwa za galaksi 175, bure. Aanze na galaksi ya NGC 3198, ambayo kasi yake ya kuzunguka inabaki karibu kilomita 150 kwa sekunde hata mbali na kitovu. Achore, kisha aweke mstari wa nadharia yake juu yake. β iwe moja kwa galaksi zote, asiibadilishe njiani.

Mtoto wa Pili:
Faili limefunguka kwenye Excel, hapo niko nyumbani. Safu ya kwanza umbali, ya pili kasi. Hii ya tatu, errV, inaingia wapi?

Mwalimu wa Zamu:
Ni kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea. Kwenye kila nukta chora kijistari juu na chini kwa kiasi hicho. Mstari wa dogo ukipita nje ya vijistari hivyo kwenye nukta nyingi, nadharia imeshindwa kwa galaksi hiyo. Ukipita ndani, nenda galaksi ya pili na β ile ile, halafu uniite.