Dizeli au petroli kwa gari la kila siku?

Mkaazi wa Fuoni
Assalaam alaykum. Natafuta gari moja la kubeba shughuli zangu zote: asubuhi kuwapeleka watoto skuli na kufika kazini Mjini, na kila Jumamosi kwenda Makunduchi kumtazama mama na kurudi na ndizi, nazi na muhogo wake. Nimeonyeshwa mawili, Toyota Probox ya petroli yenye injini ya 1NZ-FE na Prado kuukuu ya dizeli, lita tatu, 1KZ-TE. Moyo uko kwa Prado, lakini mfuko haujasema neno. Naomba maoni ya waliowahi kuyamiliki.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto kiasi cha kuyawasha mafuta mara yanaponyunyizwa. Katika Prado hiyo hewa hubanwa takriban mara 21, na katika Probox mara 10 na nusu hivi, ndiyo maana injini ya dizeli hujengwa nzito na hudai betri na stata zenye nguvu. Faida yake ni kwamba huvuta vizuri hata ikizunguka polepole, na lita moja ya dizeli ina nishati zaidi kuliko ya petroli. Hata hivyo, pampu na nozeli za kunyunyizia mafuta hazitengenezwi chini ya mwembe, na kutoka Fuoni hadi Darajani injini nzito kama hiyo huwa ndiyo kwanza inaanza kupata moto. Ukiichukua, badilisha mkanda wa taimingi, ule unaofungua na kufunga vali kwa wakati wake, siku ya kwanza, hata muuzaji akiapa kuwa ni mpya. Probox inatumia mnyororo badala ya mkanda huo.

Mpemba wa Wete
Sheikh fundi, unasema kweli, ila unasema ya Unguja. Huku kwetu njia hupanda na kushuka vilima, na msimu wa karafuu pikapu yangu ya dizeli hupakiwa magunia mpaka springi zikalala, nayo hupanda kwa gia ya pili bila kunung'unika. Kazi hiyo siwezi kuifanya kwa Probox. Ninachokichunga ni maji ndani ya dizeli, kwa sababu tangi lisilojaa hukusanya unyevu usiku, na sisi tunaishi katikati ya bahari. Kila baada ya wiki mbili hufungua koki iliyo chini ya chujio na kukinga chupa nyeupe: dizeli hukaa juu, na maji hujitenga chini, pengine kiasi cha kijiko tu. Kijiko hicho kikifika kwenye pampu, utauza mbuzi.

Mama wa Bububu
Nami niongeze jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni kutoka Japani yana chujio la masizi kwenye ekzosi, na masizi hayo huungua yanapopata joto la nyuzi 600 hivi, joto ambalo halipatikani kwa safari za dakika kumi. Nililinunua moja la namna hiyo nikalitumia kwenda sokoni na kurudi tu. Taa ya onyo ikawaka, kisha nilipochomoa kijiti cha oili nikakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, na oili inanuka dizeli, kwa kuwa mafuta yanayonyunyizwa ziada ili kuyachoma masizi yalikuwa yakiteremka chini kwenye oili. Fundi alilipeleka hadi Nungwi kwa mwendo mmoja na taa ikazimika, lakini oili ilibidi imwagwe yote. Prado yako ni ya zamani, kwa hiyo haina balaa hilo. Ina ya kwake.

Mkaazi wa Fuoni
Ahsanteni sana. Nimepiga hesabu ya wiki moja: siku tano ni foleni za Amani na Michenzani, na siku moja tu ndiyo njia ndefu, nayo ni tambarare. Muhogo wa mama haufiki gunia. Kesho nakwenda kuitazama Probox.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Chukua tochi na bisibisi, na usianze na injini. Lala chini, ugonge vizingiti vya milango na mahali springi za nyuma zilipofungwa, hasa ikiwa gari lilikuwa likilala karibu na pwani. Bati zima hulia. Lililoliwa na kutu hutoa sauti ya boksi, na rangi mpya juu yake isikudanganye.